Muhuri mmoja, samani tatu: kisa cha seti ya mbao nyeupe kutoka Massachusetts

Muktadha

Kisa hiki kinamhusu mnunuzi mmoja, mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki anayeishi katika jimbo mojawapo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akikusanya samani za mbao zilizotengenezwa na viwanda vya Marekani kati ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia na katikati ya miaka ya 1960. Kwa ridhaa yake, jina, mji na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yeye au muuzaji yameondolewa. Mimi nilishirikishwa kama mshauri baada ya malipo ya awali kutolewa, na samani zote tatu nilizikagua kwa mikono yangu kabla hazijahamishwa.

Zinapotajwa samani za kipindi hicho, watu wengi hufikiria kwanza mbao nyeusi ya mjozi wa Marekani, au viti vya plaiwudi iliyopindwa vya wabunifu Charles na Ray Eames. Lakini lipo tawi jingine ambalo halikuwa dogo hata kidogo katika nyumba za kawaida: samani za mbao nyeupe, za mepo (maple) na za bachi (birch), zilizolengwa kwa familia changa zilizokuwa zikianza maisha baada ya vita na kuhitaji vitu imara vya bei ya kati. Sehemu kubwa ya tawi hili ilitoka katika eneo dogo sana, kaskazini mwa kaunti ya Worcester katika jimbo la Massachusetts. Mjini Gardner kulikuwa na Heywood-Wakefield, kampuni iliyozaliwa mwaka 1897 kwa kuunganishwa kwa makampuni mawili ya zamani, na pia Conant Ball. Katika mji jirani wa Winchendon kulikuwa na Winchendon Furniture Company, iliyoanza mwaka 1950 kutengeneza mfululizo wa Planner Group uliobuniwa na Paul McCobb (1917–1969), na kuendelea nao hadi mwaka 1964.

Ujirani huo ndio unaofanya utambuzi uwe mgumu. Viwanda hivi vilinunua mbao za aina moja, vikatumia mashine zilizofanana, vikalenga wateja wale wale, na kila kimoja kiliona kwa urahisi ni kitu gani jirani yake anauza vizuri. Mguu wa mviringo uliochongoka kuelekea chini na uso wa droo usio na nakshi si ushahidi wa mbunifu yeyote, kwa sababu vyote vitatu vilivitengeneza kwa wingi.

Seti na madai ya muuzaji

Samani zilizouzwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kabati dogo la droo tatu lililowekwa juu ya benchi refu la chini. Ya pili ilikuwa kabati pana la droo sita zilizopangwa katika safu mbili. Ya tatu ilikuwa meza ya pembeni yenye ngazi mbili, ya aina iliyowekwa kando ya kochi ili taa ikae juu na vitabu vikae chini. Warithi wa nyumba walikuwa wakiuza mali ya wazazi wao waliofariki, na walitaka samani hizo ziondoke pamoja kwa dola 2,400.

Walisema kwamba zote ni za McCobb. Sababu yao ilikuwa ya kweli na iliyoonekana kwa macho: ndani ya droo ya juu ya kabati dogo kulikuwa na muhuri wa wino uliotaja Planner Group na jina la mbunifu huyo. Wazazi walizinunua wakiwa wapya katika ndoa, watoto walikua wakiziona katika chumba kimoja, rangi yake ilifanana, basi muhuri wa moja ukawa muhuri wa zote. Ninasisitiza kwamba hapakuwa na udanganyifu. Watu waliorithi vitu hujua historia ya familia kuliko historia ya kiwanda, na mara nyingi mnunuzi naye hufurahia jina hilo kiasi cha kutotaka kuuliza zaidi.

Mnunuzi alikuwa ameona picha za mbele tu. Alilipa dola 600 za kushikilia mzigo, bila maandishi yoyote yaliyoeleza nini kitatokea iwapo madai hayatathibitika. Kisha akaomba ushauri.

Ukaguzi

Nilimwomba kwanza atafute picha ambazo muuzaji hakuzitoa: mgongo wa kila kipande, sehemu ya chini, ubavu wa droo iliyotolewa, na kichwa cha angalau skrubu moja iliyo mahali pake pa asili. Picha zilizokuja hazikutosha, hivyo tukaenda wenyewe tukiwa na tochi, kioo kidogo, rula na lenzi ya kukuza mara 10.

Kabati dogo halikuleta shida. Mbao yake ilikuwa mepo nzima, Acer saccharum, bila vinia (tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu ya nyingine) popote isipokuwa mgongoni na chini ya droo palipotumika plaiwudi nyembamba. Kwenye ncha iliyokatwa ya mbao, mionzi ya mepo, yaani mistari myembamba inayotoka katikati ya mti kuelekea gome, inaonekana hata bila lenzi, na vinyweleo vyake, yaani vitundu vya mbao, ni vidogo na vimeenea sawasawa. Muhuri ulikaa chini ya laka ya zamani iliyoanza kuwa ya manjano, jambo ambalo lilituhakikishia kwamba haukupigwa juzi. Swali lilibaki kwa benchi, ambalo halikuwa na alama yoyote. Planner Group ilijengwa kwa wazo la vipande vinavyopangwa na kupanguliwa, makabati madogo yakiwekwa juu ya mabenchi kadiri nafasi ya nyumba inavyoruhusu, kwa hiyo ni rahisi benchi la mtengenezaji mwingine kuingia chini ya kabati la McCobb bila mtu kushtuka. Tuliinua kabati. Chini yake, juu ya benchi, kulikuwa na umbo la mstatili la rangi nyepesi zaidi, lenye vipimo vilivyolingana kabisa na kitako cha kabati, kwa maana mwanga wa madirisha ulikuwa umeikoza mbao yote iliyobaki kwa miaka mingi na kuiacha sehemu hiyo. Hilo halithibitishi kiwanda, lakini linathibitisha kwamba vitu hivyo viwili vimeishi pamoja kwa muda mrefu sana. Ukijumlisha na unene wa mbao, umbo la miguu na laka ya aina moja, niliridhika kuliandika benchi kuwa sehemu ya kabati.

Kabati pana lilisogezwa kutoka ukutani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mgongoni, karibu na ukingo wa juu, kulikuwa na chapa iliyochomwa kwenye mbao: Conant Ball. Hakukuwa na jina la mbunifu. Muuzaji aliposikia hayo alikumbuka kwamba Russel Wright (1904–1976) aliwahi kubuni samani kwa kampuni hiyo, na akapendekeza kwamba basi kabati litakuwa lake. Ni kweli Wright aliibunia Conant Ball mfululizo wa American Modern mwaka 1935. Lakini skrubu zilizoshikilia mgongo wa kabati hili zilikuwa na kichwa cha msalaba cha aina ya Phillips, ambayo hataza zake zilitolewa mwaka 1936 na ambayo ilitumika kwanza katika magari kabla ya kuenea kwenye samani. Matundu yake hayakuwa yamechokonolewa, na laka ya asili ilikuwa imepita juu ya vichwa viwili, kwa hiyo hazikuwa za ukarabati. Jina linalotajwa zaidi kuhusiana na mepo ya Conant Ball ya miaka ya 1950, hasa mfululizo wa ModernMates, ni Leslie Diamond, na makabati mengi ya aina hiyo yameuzwa kwa jina la Wright kwa sababu tu jina la Wright linajulikana zaidi. Hata hivyo, chapa tuliyoiona haikumtaja Diamond pia.

Meza ya pembeni ilikuwa tofauti tangu kuiinua. Mbao yake ilikuwa bachi ya manjano, Betula alleghaniensis. Kwenye ncha, vinyweleo vyake vilionekana vikubwa kuliko vya mepo, wakati mionzi yake ilihitaji lenzi. Chini ya ubao wa ngazi ya chini palibandikwa kitambaa kizito. Muuzaji hakutaka kitambaa kiondolewe kabla ya malipo kukamilika, na hapo ndipo utambuzi wa kipande hicho uliposimama kwa muda.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu bei. Mnunuzi aliwatumia warithi picha za chapa ya Conant Ball pamoja na maelezo mafupi, bila lawama, akisema bado anazitaka samani zote tatu lakini si kwa bei iliyojengwa juu ya jina moja. Aliwaachia wazi uwezekano wa kuvunja mauziano. Walikubaliana dola 1,700. Nilimshauri asishushe zaidi ya hapo, kwa sababu kabati pana lilikuwa kazi nzuri kwa kipimo chochote: mepo nzima, droo zilizounganishwa kwa viungo vya mkia wa njiwa mbele na nyuma, na reli ya katikati ya mbao iliyokuwa bado inateleza bila kukwama. Jina la mbunifu lilipoondoka, hakuna hata kiungo kimoja kilicholegea. Ninaamini kwa dhati kwamba soko limewafanyia dhuluma mafundi wa Gardner kwa kuzipa kazi zao thamani pale tu zinapokopeshwa jina la mtu mwingine.

Uamuzi wa pili ulihusu usafi wa kabati la Planner Group. Tulijaribu laka kwenye sehemu iliyofichika chini ya benchi: tone la spiriti (alkoholi) halikuifanya kitu, jambo lililoondoa uwezekano wa shelaki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti hiyo, lakini tone la tina ya laka liliifanya iwe laini na kunata, kama inavyotarajiwa kwa laka ya nitroselulosi iliyotawala viwandani katika miaka hiyo. Tulikuwa na laka ya asili, yenye mikwaruzo na alama mbili za glasi. Mnunuzi alitaka kupiga msasa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu mepo nzima ina unene wa kutosha, tofauti na vinia ya mjozi ya enzi hizo ambayo mara nyingi haifiki hata milimita moja na hutoboka mkononi mwa fundi mwenye haraka. Lakini mbao inayovumilia msasa haipaswi kupigwa msasa kwa sababu hiyo tu. Laka ile ilikuwa sehemu ya ushahidi wa muhuri, na rangi yake ya asali imetengenezwa na miaka. Hakuna kopo linaloiuza. Iliamuliwa kabati lisafishwe kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe ya rangi, kisha lipakwe nta ngumu kwa wepesi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa meza, na ulifanywa nje ya utaratibu. Mnunuzi aliipeleka kwa fundi seremala mara tu ilipotoka kwenye nyumba ile, kwa kuwa ngazi ya juu ilikuwa imejaa duara za vikombe, na kitambaa cha chini kilikuwa hakijaondolewa. Aliona ni kipande cha thamani ndogo zaidi katika seti, kwa hiyo hakikuhitaji subira.

Kilichotokea kwa meza

Fundi alianza na ngazi ya juu. Alitumia dawa ya kuondolea laka isiyo na kloridi ya methilini, kemikali ambayo mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 isiuzwe kwa watumiaji wa kawaida katika dawa za kuondolea rangi baada ya kusababisha vifo vya watu waliofanya kazi katika vyumba visivyo na hewa. Laka ilitoka vizuri, lakini pamoja nayo rangi ikatoka yote, na chini yake mbao ikabaki nyeupe iliyopauka. Fundi alishangaa. Alipoigeuza meza na kukikata kitambaa, alikuta chapa ya Heywood-Wakefield iliyochomwa, na kando yake namba ya mtindo inayoanza na herufi M.

Kwa anayeijua kampuni hiyo, maelezo yalikuwa tayari. Rangi za Heywood-Wakefield, zile zilizoitwa Wheat na Champagne katika orodha za kiwanda, hazikuwa ndani ya mbao. Zilikuwa ndani ya laka yenyewe, iliyotiwa rangi na kupulizwa ili bachi iliyokatwa kutoka miti tofauti ionekane sawa kutoka kiti hadi meza, na mteja aweze kuongeza vipande mwaka baada ya mwaka bila kuona tofauti. Ukiiondoa laka, umeondoa rangi. Na ukipaka laka angavu juu ya mbao iliyobaki, unapata meza safi isiyofanana na chochote ambacho kiwanda kilikusudia.

Bahati ilikuwa kwamba fundi alisimama hapo. Ngazi ya chini na miguu vilibaki na laka ya asili, na sehemu ya ndani ya mguu mmoja, iliyokuwa imekingwa na mwanga kwa muda wote, ilitupa rangi iliyo karibu zaidi na ile ya kiwandani. Alikata vibao vidogo vya bachi, akachanganya laka yenye rangi kwa viwango mbalimbali, akapuliza, na kulinganisha kila kibao na mguu huo karibu na dirisha, mchana. Kibao cha chaguo kilifanana na mguu, lakini kikaonekana cheupe kando ya ngazi ya chini iliyozeeka. Hapo mnunuzi alilazimika kuchagua kati ya rangi ya kiwanda na rangi ya umri. Alichagua umri, ili meza iwe kitu kimoja machoni, na akahifadhi vibao vyote pamoja na maandishi ya mchanganyiko uliotumika.

Matokeo

Kabati dogo na benchi viko katika hali yao ya asili. Kabati pana halikuguswa isipokuwa kwa kusafishwa na kubadilishiwa kipande cha reli ya droo moja. Meza ni nzuri na inatumika, lakini ngazi yake ya juu haina tena laka ya asili, na siku itakapouzwa hilo litapaswa kutajwa.

Katika kadi za kumbukumbu, mnunuzi ameandika kabati dogo kuwa la Planner Group, limethibitishwa kwa muhuri. Benchi limeandikwa kuwa linahusishwa nalo, na sababu za kulihusisha zimetajwa. Kabati pana limeandikwa kuwa la Conant Ball kwa chapa, la baada ya vita kwa skrubu, na nafasi ya mbunifu imeachwa wazi. Meza ni ya Heywood-Wakefield kwa chapa na namba.

Uchambuzi

Jambo lililofanya kazi vizuri kuliko yote lilikuwa kukataa kusoma seti kama seti. Muhuri hutoa ushahidi kuhusu kipande kilichoubeba, na nje ya hapo unatoa dhana tu, ambayo kila kipande kingine kinaweza kuikanusha. Ilipoonekana hivyo, mpangilio wa kazi ulijirekebisha wenyewe: mbao kwanza, kisha viungo na skrubu, kisha alama ya kiwanda, na mbunifu mwishoni kabisa. Wakusanyaji wengi huanza na mbunifu na kurudi nyuma wakitafuta cha kumuunga mkono, na kwa njia hiyo karibu kila kabati la mepo linaweza kufanywa la McCobb.

Ushahidi wa tarehe unastahili kuongezewa neno, kwa kuwa ni rahisi na haupatiwi heshima unayostahili. Skrubu ya Phillips iliyo mahali pake pa asili ilitosha kulifunga dai la mwaka 1935. Katika visa vingine kinachosaidia ni lebo ya duka: tarakimu tano za posta zilianza kutumika Marekani tarehe 1 Julai 1963, hivyo lebo inayozibeba haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, wakati namba ya tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji mkubwa huelekeza kwenye kipindi cha kuanzia mwaka 1943 hadi mabadiliko hayo. Boliti za vipimo vya milimita badala ya inchi za Kimarekani, kwa upande mwingine, zinapaswa kumfanya mtu asimame na kuangalia upya, kwa sababu kazi za McCobb zimetolewa upya miaka ya karibuni, na hata jina la Heywood-Wakefield lilirudi sokoni katika miaka ya 1990 kupitia kampuni ya Florida iliyotengeneza nakala za mitindo ya zamani.

Uzoefu wa mnunuzi na mbao za nyumbani ulimsaidia na kumzuia kwa wakati mmoja. Amekulia katikati ya mninga na mvule, na anajua kwa kuinua tu kama droo ni ya mbao nzima. Lakini mninga una rangi yake ndani, na ukiupiga randa unaipata tena ikiwa imeng'aa. Alitarajia bachi itende vivyo hivyo, na ndiyo maana hakuona hatari ya kuondoa laka kabla ya kugeuza meza.

Kilichoshindikana zaidi, kwa maoni yangu, kilikuwa mgawanyo wa subira. Uangalifu wote ulipewa kipande kilichobeba jina kubwa, na kipande kilichodhaniwa kuwa duni kikatumwa kwa fundi bila kuchunguzwa, ilhali chenyewe ndicho kilichokuwa na laka isiyoweza kurudishwa. Kukata kitambaa kile kungechukua dakika chache. Fundi naye alistahili kuambiwa mapema kwamba kipande hakijatambuliwa, kwani kwa maagizo aliyopewa kazi yake ilikuwa sahihi, na kusimama kwake katikati ndiko kulikookoa sampuli ya rangi.

Malipo ya awali yalikuwa udhaifu wa pili. Warithi walikuwa watu wa haki na walikubali kujadiliana, lakini hakuna kilichowalazimisha. Dola 600 zingeweza kubaki kwao na mnunuzi angekuwa na picha za mbele peke yake. Risiti anayotumia sasa hutaja kila kipande kwa mstari wake, hueleza dai la muuzaji kuhusu mtengenezaji kama lilivyotolewa, na husema kwamba fedha zitarudishwa iwapo ukaguzi wa mgongo, chini na ndani ya droo hautakubaliana na dai hilo. Katika ununuzi uliofuata muuzaji mmoja alikataa kuitia saini, na mnunuzi hakununua.